Fundi Monari Aliyekatazwa Kusema Pole

Cherehani zote katika duka langu la kushona hapa Migori zimewahi kufunguliwa na mkono wa Monari Bichage. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Ukimwita, hakimbilii bisibisi. Anakwambia, "Hebu shona kidogo, Mama Phanice," na yeye anasimama kando, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Halafu anasema, "Hii ina kiu," anatia mafuta. Au anasema, "Hii inalia bobini," na kweli ukifungua unakuta uzi umejisokota kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Siku moja nilimwambia kwamba anazisikiliza cherehani kuliko watu wanavyosikilizana. Akacheka, akasema cherehani haimkati mtu maneno.

Sote wawili tulitoka Kisii kuja kutafuta maisha huku, na siku ya Sabato tulikaa kanisa moja. Mke wake, Orpah, alifariki mwaka ule ule waliohamia, kabla hawajapata mtoto. Ndugu zake walimsumbua aoe tena. Yeye aliwajibu kwa mzaha, "Nani atakubali kulala karibu na mtu anayenuka mafuta ya mashine?" Mzaha huo ukawa mrefu mpaka ukageuka kuwa maisha yake. Alipanga chumba kimoja karibu na daraja. Ndani palikuwa na kitanda, jiko la mafuta na Biblia, na kwenye ukuta hapakuwa na hata kalenda. Mimi nilimpelekea nguo aliyonishonesha, nikaona. Chumba kile kilikuwa cha kulala tu. Nyumba yake hasa ilikuwa njiani.

Maana alikuwa na pikipiki, wakati ambapo pikipiki huku kwetu zilikuwa za watu wa kilimo, mapadre na maafisa wa afya. Aliinunua kuukuu, akaitengeneza mwenyewe, akafunga sanduku la vyuma nyuma. Siku ya mnada wa ng'ombe utamkuta Ogwedhi. Siku nyingine yuko Asumbi kwa mafundi wanaoshona sare za shule, anapitia Rangwe, anashuka mpaka Sindo ziwani kwa wale wanaoshona matanga ya mashua, ambao cherehani zao huliwa na kutu kila mara. Upande wa pili alikwenda Kehancha na vijiji vya mpakani kwa Wakuria. Katika kila baraza la duka alikuwa na kiti chake na kikombe chake cha chai. Nadhani ndiyo sababu hakupenda kukaa chumbani.

Jambo moja watu walilomchekea ni bima. Wenye pikipiki wengi wakati ule walikuwa wakiazimana stika ya bima. Anayekwenda mbali anaibandika, akirudi anaibandua na kumpa mwenziwe. Monari alikuwa akikata yake kabla ya ile ya zamani haijaisha, na akaiwekea kifuko cha plastiki chini ya taa ili mvua isiiloweshe. Pale kituo cha mafuta walimtania mbele yangu.

"Fundi, hiyo si pikipiki, ni cherehani yenye magurudumu. Bima ya nini?"

"Bima si ya pikipiki," alisema.

"Ni ya trafiki, eh? Trafiki wa huku anatosheka na soda!"

"Ni ya mtu ambaye sijamjua bado," Monari akajibu, akapiga teke, pikipiki ikawaka.

Waliangua kicheko, wakisema fundi amekuwa mhubiri.

Basi ikaja ile mvua ya El Niño. Wanaoikumbuka hawana haja ya kuambiwa. Madaraja yalikwenda, na barabara ya upande wa Kehancha ikakatika, watu wakawa wanapita njia ya ng'ombe. Njia hiyo inatoka Kenya, inashuka bondeni mpaka kijito, ambako tayari ni Tanzania, halafu inazunguka na kupanda tena Kenya. Anayepita hafikirii nchi. Pale mpaka si kitu cha kuonekana. Kuna bikoni moja, nguzo fupi ya saruji ya kuonyesha mpaka, juu ya kilima, na watu huitumia kunolea panga. Bikoni inayofuata iko mbali nyuma ya mlima.

Bondeni, karibu na kijito, ndipo Monari alipomgonga Bibi Robi. Bibi huyo ni Mkuria, mjane, boma lake liko upande wa Kenya lakini shamba lake la viazi vitamu liko ng'ambo. Alikuwa amejitwika mzigo mkubwa wa mashina ya viazi, majani yamemfunika macho. Pikipiki iliteleza kwenye tope, ikaenda upande, ikampiga mguu. Monari aliona paja limekunjwa mahali pasipokunjwa. Maji ya kijito yalikuwa yanapanda. Akambeba mgongoni, akapanda naye mpaka kilimani penye ardhi kavu, akamlaza karibu na bikoni, akamfunika koti lake. Halafu akakimbia bomani kumwita mwanawe, Nyamohanga. Nyamohanga na majirani walimkuta mama yao pale kilimani, wakambeba kwa kitanda mpaka hospitali. Monari alishika mguu mmoja wa kitanda njia nzima.

Polisi walipomuuliza ilikuwa wapi, alisema, "Njia ya ng'ombe, karibu na bikoni." Hakuwa akificha kitu. Alikuwa akiwaza paja la yule mama.

Kesho yake akaenda kwa wakala wa bima hapa mjini. Binti wa mezani alikuwa Joyline, mtoto wa watu tunaowajua, mwenye huruma lakini anayeijua kazi yake. Monari mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Fundi, sikiza vizuri," Joyline akamwambia. "Kuanzia leo wewe ni bubu."

"Bubu namna gani?"

"Usiende kwa mgonjwa. Usizungumze na jamaa zake. Usiahidi kitu, na usiseme pole."

"Hata pole?"

"Hata pole. Ukisema pole ni kama umesema kosa ni langu. Kampuni ikisikia umekubali kosa bila ruhusa, inakuachia mzigo wako. Ndivyo masharti yalivyo, na uliyatia sahihi."

"Na nikimpelekea sukari tu, nisiseme kitu?"

"Hata sukari, fundi."

"Joyline, kwetu hata mtu akikanyagwa na ng'ombe wako unakwenda kumwona."

"Ng'ombe hana bima," akasema Joyline. Halafu, kwa sauti ya chini, "Vumilia. Watamlipia mama yule kila kitu. Daktari amesema anataka kutiwa chuma kwenye mfupa, si ndiyo? Watalipa. Ukienda kuongea, hatapata."

Hapo ndipo alipofungwa. Huku kwetu, uwe Mkisii, uwe Mjaluo, uwe Mkuria, jambo hili halina kabila. Ukimwumiza mtu, hata kama hukukusudia, unakwenda. Unakwenda na mtu mzima mmoja wa kwenu, unasimama mlangoni mpaka ukaribishwe, unasema pole. Wanaweza kukutukana, wanaweza kukufukuza, lakini umekwenda. Asiyekwenda ndiye anayehesabiwa kuwa amekusudia. Mtu huyo hapewi maji ya kunywa na jamaa za aliyeumia, wala hashikwi mkono.

Na jamaa za Bibi Robi walikuwa kila soko la upande ule. Nyamohanga hakunyamaza. "Yule fundi wa pikipiki amemvunja mama yangu," alisema mnadani, "na hajakanyaga mlango wa wodi. Labda anangoja azikwe ndipo aje kula nyama." Maneno yakapanda magari ya sokoni, yakafika Ogwedhi, yakafika hata Rangwe, maana wafanyabiashara ni hao hao. Mafundi wakaanza kumwambia Monari, "Mashine yangu iko sawa wiki hii," na mkanda wa mashine unaning'inia hivi, kila mtu anauona. Kile kiti chake cha barazani kinakaliwa na kikapu. Mzee mmoja alipoona Monari amenyoosha mkono, akajifanya anatafuta kitu mfukoni mpaka mkono ule ukarudi wenyewe.

Kanisani pia, Mungu atusamehe sote. Chakula cha mchana cha Sabato tunakula pamoja, kila mtu na bakuli lake. Monari akiketi, benchi linabaki na nafasi. Mimi na binti yangu tulikwenda kuketi naye, lakini watu watatu kwenye benchi refu wanaonekana wachache kuliko mtu mmoja.

Nilimuuliza siku moja, "Fundi, kwa nini usiwaambie watu kwamba umekatazwa?"

"Nikiwaambia nitakuwa nimezungumza. Na nikizungumza, mama yule hatatiwa chuma."

Nikajua baadaye kwamba alikuwa akienda hospitali. Alifika mpaka getini, anazima pikipiki, anamuuliza bawabu, "Yule mama wa paja anaendeleaje?" Bawabu anamwambia, "Leo amekula," au, "Leo amelia sana." Basi anawasha pikipiki, anarudi. Bawabu hakujua ni nani. Alidhani ni mwanawe mpumbavu anayeogopa harufu ya dawa.

Miezi ikapita. Bibi Robi alikuwa bado amelala, mguu umefungiwa uzito, na daktari alisema bila chuma mfupa utashikana vibaya na hatalima tena. Kampuni ilikuwa imekubali kulipa, ila jambo moja tu lilikuwa halijakaa sawa. Wakatuma mtu kutoka Kisumu.

Monari akaja dukani kwangu asubuhi. "Mama Phanice, wanataka nikawaonyeshe mahali. Sina ndugu hapa. Utakuja unisimamie?" Nikamwachia Phanice duka, nikachukua leso yangu, nikaenda.

Mtu wa kampuni aliitwa Oliver, kijana wa Kijaluo, mcheshi, na viatu vyake vilikuwa vizuri mno kwa njia ile. Tukiwa kwenye gari lake alitueleza bila kuficha.

"Mzee Monari, bima yako ni ya Kenya. Ukimgonga mtu Kenya, tunalipa hospitali, chuma, na siku zake zote za kulala. Ukimgonga ng'ambo, hata hatua moja, hatuna neno. Na wewe uliandikisha karibu na bikoni. Sasa wakubwa wanauliza, karibu ya huku au karibu ya kule?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Monari. Niliiona shingo yake ikikaza. Sikujua kwa nini.

Kilimani tulimkuta Nyamohanga na majirani zake wanangoja. Nyamohanga hakumsalimu Monari. Alimsalimu Oliver kwa mikono miwili, akampeleka moja kwa moja mpaka pale karibu na bikoni. "Hapa. Hapa ndipo tulipomkuta mama, amelala na koti juu."

Oliver akatoa kwenye mkoba wake kitu kama redio ndogo yenye kioo, akakinyanyua juu, akasimama mbali na miti.

"Hiyo simu inaongea na nani?" mama mmoja akauliza.

"Si simu, mama. Inasikiliza setilaiti. Ziko juu, zinaniambia niko wapi."

"Wewe mwenyewe hujui uko wapi?"

Watu wakacheka. Oliver naye akacheka. "Najua niko kwenu, mama, lakini sijui niko Kenya au Tanzania."

"Sasa hivi inasema uko wapi?"

"Kenya."

"Mungu asifiwe!" akasema Nyamohanga.

"Ngoja." Oliver akakunja uso. "Sasa inasema Tanzania."

"Lakini hujasogea!"

"Sijasogea. Haya, imerudi Kenya."

Mzee mmoja aliyeegemea fimbo akasema, "Kijana huyu amevuka mpaka mara ngapi, na pasipoti hana. Mkamateni!" Watu wakashika mbavu. Oliver akawaeleza kwamba chombo hakijaharibika. Wamarekani ndio wenye setilaiti, na wamezitia makosa kidogo kwa makusudi, ili adui asizitumie vizuri. Kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza kuambiwa yuko hapa kumbe yuko upana wa uwanja wa mpira pembeni.

"Ina maana setilaiti inajua, lakini haisemi?" mzee akauliza.

"Inajua, mzee. Inasema nusu."

Nikamtazama Monari. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, amevua kofia, anaangalia kule bondeni kwenye kijito. Wengine wote walikuwa wanatazama kioo.

Oliver akakaa na kidude chake kitambo, akiandika na kufuta. Mwishowe akasema, "Kenya imetokea mara nyingi kuliko Tanzania. Kwangu inatosha. Nitaandika Kenya." Akakifunga. Nyamohanga akamshika mkono tena, na yule mama aliyeuliza akapiga kigelegele kidogo.

"Si hapa," akasema Monari.

Hakusema kwa nguvu, lakini watu wote walisikia, kwa sababu tangu tufike hawakuwa wamemsikia akisema chochote.

Oliver akamgeukia. "Mzee?"

"Hapa nilimleta mimi. Nilimgonga kule chini, karibu na kijito. Maji yalikuwa yanapanda, nikambeba nikamleta hapa."

Oliver akamkaribia, akasema kwa upole, karibu kumnong'oneza, ila mimi nilikuwa kando nikasikia. "Mzee, mimi sijakuuliza hilo. Mimi nimeuliza hapa ni wapi, na hapa pamejibu. Twende zetu."

"Umeuliza mahali nilipomgonga. Hapa sikumgonga."

"Mzee, unajua unafanya nini?"

"Najua. Nimejua tangu garini."

Nikiri kwamba moyoni niliomba anyamaze. Nilimwona mawazoni yule mama kitandani, nikasema, Bwana, mfunge kinywa kidogo tu. Lakini Mungu hakumfunga.

Tukashuka wote. Oliver alikanyaga tope na viatu vyake vizuri bila kulalamika. Pale kijitoni akatoa tena kidude, akakinyanyua, akangoja, na safari hii hakikubadili neno. Kilisema Tanzania, kikasema Tanzania tena. Palikuwa mbali mno na bikoni, makosa ya Wamarekani hayangefika. Oliver akaandika, na sikuona furaha usoni mwake.

Nyamohanga alikuwa ametushukia nyuma. Akasimama mbele ya Monari karibu sana, mpaka nikadhani atampiga.

"Miezi yote hii umekaa kimya," akasema. "Mama analia, wewe kimya. Watu wanauliza, wewe kimya. Leo ndiyo umepata mdomo? Mdomo wako unajua kutuumiza tu!"

Majirani wakapanda kilima mmoja mmoja bila kuagana nasi.

Kampuni ikakataa, kama ilivyojulikana. Joyline alimwita akamwambia kwa machozi, "Fundi, si ungenyamaza tu?"

"Nilinyamaza, Joyline. Nimenyamaza mpaka nikachoka." Akamuuliza, "Sasa kampuni haihusiki tena?"

"Haihusiki."

"Basi naweza kwenda kumwona."

Joyline akafuta macho. "Sasa unaweza kwenda popote."

Siku ile ile akaja kunichukua. Alikuwa amenunua sukari, na amevaa shati la Sabato ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Mimi nikabeba uji kwenye chupa ya chai. Pale getini bawabu akamwambia, "Leo ametulia," Monari akasema, "Leo ninaingia."

Bibi Robi alikuwa kitanda cha dirishani, rozari mkononi, mguu umening'inizwa. Nyamohanga hakuwako, na labda ilikuwa heri.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Monari, fundi wa cherehani. Mimi ndiye niliyekugonga."

"Nilidhani ulikufa."

"Sikufa, mama."

"Mtu akimgonga mtu asije, sisi tunasema amekufa. Kijana wangu anasema uko hai, mimi nikasema hapana, yule aliyenibeba mgongoni hawezi kukosa kuja. Nimesali rozari hapa kila siku ili roho yako itoke toharani. Sasa sala zangu nitazidai kwa nani?"

Sisi Wasabato hatuna toharani. Monari alifungua kinywa kama anataka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Pole, mama. Pole sana. Pole." Akairudia na kuirudia, kama mtu aliyekuwa amebeba maji kinywani kutoka mbali.

Yule bibi akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha Monari akamweleza yote, juu ya bima, kidude cha setilaiti, bikoni na kijito. Akamwambia kwamba kwa sababu ya maneno yake yeye Monari, kampuni haitalipa chuma.

"Ilikuwa ng'ambo," Bibi Robi akasema. "Si nilikuwa nimetoka tu shambani kwangu?"

"Ulijua, mama? Hawakukuuliza?"

"Aniulize nani? Wakija hapa wanaangalia mguu, hawaangalii mdomo." Akavuta shuka. "Lakini ningekuwa wewe ningesema Kenya. Mguu ni wangu."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Aligeuza uso dirishani, akakaa hivyo, na Monari akabaki kwenye magoti yake. Baadaye ndipo akasema, bila kugeuka, "Huyo mwenzako ameleta uji au ameleta chupa tupu?"

Monari aliuza pikipiki. Hakumwambia mtu, tuliona tu imekaa nje ya duka la mwenye mahindi, sanduku la vyuma limefunguliwa. Aliuza na vitu vingine ambavyo sikuviuliza. Bibi Robi akapelekwa hospitali kubwa, akatiwa chuma. Leo anatembea kwa fimbo, polepole, lakini kilima kile cha kwenda kijitoni hakiwezi.

Watu hawakurudi kama nilivyotarajia. Nilidhani wakijua kwamba alisema kweli na akauza mali yake, watamfurahia. Wengine walisema, "Mjinga, alikuwa na bima akaitupa." Wengine waliendelea na mazoea ya kutomwita. Sindo na Asumbi hawezi kufika tena kwa miguu, na mafundi wa kule wamepata mtu mwingine. Anatembea na mfuko wa vyuma begani, hapa mjini na vijiji vya karibu. Anakuja dukani kwangu hata kama hakuna mashine iliyoharibika, anakaa, anazisikiliza. Jioni anarudi kwenye chumba chake cha darajani, na siku hizi anakaa humo zaidi kuliko zamani, maana njia imekuwa fupi.

Nyamohanga hajamsalimu mpaka leo. Yeye anafanya kazi ya ulinzi mjini, shamba la ng'ambo hana nafasi nalo, na Bibi Robi hakutaka lilale. Kwa hiyo Jumapili, ambayo kwetu si siku ya kupumzika, Monari anapanda gari mpaka karibu na pale, anatembea, anashuka bondeni na jembe. Juzi nilimfuata huko kwa sababu nilitaka mashina ya viazi ya kupanda nyumbani.

Nilimkuta Bibi Robi ameketi kwenye kigoda pale kilimani, mguu ameunyoosha mbele yake. Kule chini Monari alikuwa peke yake katika shamba lote, shati limemganda mgongoni. Hakuna aliyekuwa akipita. Jembe lilikuwa likipanda na kushuka, sauti yake inatufikia ikiwa imechelewa kidogo.

"Fundi!" bibi akaita kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mdogo vile. "Umeacha magugu huko nyuma!"

Akanyanyua kichwa. "Nayaona, mama!"

"Kama unayaona, mbona umeyapita?"

Monari akasimama kidogo, akaegemea mpini. Kisha akarudi nyuma, akainama.